Mamlaka ya maji wamenunua maboza yao, sisi wenye maboza binafsi tunakufa. Sheria ya ushindani inawahusu serikali?

Boza la Mkoani
Wakuu habari za jioni. Naombeni ushauri, wa kisheria hasa. Wale wa "tafuta biashara nyingine" naomba mpite kimya kimya.

Nina boza la lita 10,000, Fuso la zamani lakini linadunda. Mji siutaji. Maji ya bomba huku ni ya mgao na mitaa ya pembezoni haijafikiwa kabisa, kwa hiyo saiti za ujenzi, shule na gesti zinatutegemea sisi. Visima hatuna. Tunajaza kwenye kituo cha mamlaka ya maji, unalipia kwa kontroli namba, unapanga foleni. Tulikuwa tunajaza kwa 20,000, tunauza 60,000. Maisha yanaenda.

Sasa mamlaka wameleta maboza yao mapya. Sawa, nchi ni ya wote. Shida ni kwamba wametupandishia sisi bei ya kujaza hadi 38,000, halafu wao lita 10,000 hizohizo wanampelekea mteja mpaka kwenye simtanki lake kwa 45,000. Pigeni hesabu: maji 38,000, dizeli 12,000, utingo 5,000. Nimeshafika 55,000 na sijala. Na maboza yao hayapangi foleni.

Swali: Tume ya Ushindani (FCC) wanaweza kuishika taasisi ya serikali, au ni kesi ya ngedere kumpelekea nyani?

Kaukau
Nimekaa pale, nasubiri wanasheria.

Bibi Mstaafu
Mwanangu, maji ya 20,000 mnauza 60,000 mlidhani Mungu haoni? Kiangazi kile nilikuwa napiga plasta, boza nikauziwa 80,000, na kijana akaniambia "mama usipotaka wapo wanaotaka". Leo mnalia. Mamlaka oyee.

Ngosha Mtulivu
Umenikumbusha mjomba wangu, Dar enzi zile UDA, shirika la mabasi la serikali, ndiyo yenye ruhusa ya kubeba abiria mjini. Alikuwa na kibasi cha wizi. Abiria akishapanda anafundishwa kwanza: tukisimamishwa, sisi sote ni ndugu, tunaenda msibani. Siku moja askari akauliza marehemu ni nani, kila mtu akataja jina lake. Walilala ndani. 1983 serikali ikaruhusu watu binafsi, mjomba akawa tajiri halali. Vumilia.

Boza la Mkoani
Mkuu Ngosha asante kwa hadithi ila sijapata jibu.

Wakili Mchovu
Jibu lipo. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya 2003, kifungu cha 6: serikali na taasisi zake zimo, kwa kadiri zinavyofanya biashara. Sheria haiulizi kampuni ni ya nani, inauliza inafanya nini. Vilivyotolewa ni kutoza na kukusanya kodi, kutoa au kufuta leseni na vibali, kukusanya ada za vibali hivyo, na miamala ya ndani ya serikali yenyewe kwa yenyewe. Hivyo havihesabiwi kuwa biashara. Kwa hiyo wakikunyima kibali cha boza, huo mlango wa FCC umefungwa, utafute mwingine. Lakini kumpelekea mtu maji kwa 45,000 ni biashara, hata dereva awe amevaa sare yenye nembo ya taifa.

Kinachokuhusu ni kifungu cha 10, matumizi mabaya ya nguvu ya soko. Mwenye bomba pekee mjini anakuuzia maji, na hapohapo anashindana na wewe kwa mteja. Akikubana kwenye bei ya kujaza huku yeye anauza kwa bei ambayo wewe huwezi kuifikia bila hasara, tume wana sababu ya kuuliza maswali. Sijasema umeshinda. Wanaweza kujitetea kwamba 38,000 ndiyo gharama halisi.

Na usirukie FCC. Bei za maji za mamlaka zinaidhinishwa na EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji. Kaulize kwanza kama hiyo 38,000 imo kwenye bei zilizoidhinishwa. Isipokuwamo, una kesi nyepesi kuliko ya ushindani. Na EWURA wenyewe wana wajibu wa kushughulikia mambo ya ushindani yakijitokeza kwenye sekta yao na kuyaripoti kwa FCC. Usiporidhika na uamuzi wa yeyote kati yao, rufaa ni Baraza la Ushindani (FCT).

Jambo moja usijidanganye: serikali yenyewe haipigwi faini kwa sheria hii wala haishtakiwi. Unachotafuta ni amri ya kuacha.

Kaukau
Kumbe! Yaani wanashikika ila hawalipi.

Mwanachuo Asiyelala
Nje wanalipa. Afrika Kusini 2005 shirika la ndege la serikali, SAA, lilipigwa faini ya randi milioni 45 kwa kuwapa mawakala wa tiketi bonasi za kuwavuta wasiuze tiketi za wapinzani. Comair, shirika binafsi la ndege lililokuwa likishindana nao, wakaenda mahakamani kudai fidia, 2017 wakapewa zaidi ya randi bilioni moja pamoja na riba. India nao Coal India, kampuni ya serikali ya makaa ya mawe, walibisha kwamba wao ni shirika la umma lililoundwa kwa malengo ya kitaifa, sheria ya ushindani isiwaguse. Juni 2023 Mahakama ya Juu ikasema inawagusa.

Boza la Mkoani
Mwanachuo Mungu akubariki, hiyo naipeleka kwenye kikao kama ilivyo.

Wakili Mchovu
Kikao gani?

Boza la Mkoani
Tuna umoja wetu wa wenye maboza. Mambo ya kusaidiana, misiba na kadhalika.

Wakili Mchovu
Kwenye umoja mmezungumza nini kuhusu bei? Jibu hilo kabla sijaendelea.

Boza la Mkoani
Mkuu hayo hayahusiani na swali langu.

Kaukau
Yanahusiana sana, tiririka.

Boza la Mkoani
Sawa. Tumekubaliana kuanzia tarehe moja hakuna wa kuuza chini ya 65,000, na saiti yoyote itakayochukua boza la mamlaka hatuipelekei maji tena, hata mamlaka wakikwama. Tumewekeana na faini ya 100,000 kwa atakayesaliti. Lakini haya si makubaliano, ni maelewano tu kwenye grupu la WhatsApp, hakuna aliyesaini kitu. Na wao ndio wameanza! Mtu akikukaba koo utamwomba ruhusa ya kujitetea?

Wakili Mchovu
Kifungu cha 9. Washindani kupanga bei ni marufuku, na kugomea mteja kwa pamoja ni marufuku. Maelewano yanatosha, sheria haidai sahihi wala karatasi. Faini inafika hadi asilimia 10 ya mauzo ya mwaka, na wewe, ndugu yangu, si serikali. Unataka kuingia FCC kumshtaki mtu, na ushahidi dhidi yako umeubeba mwenyewe kwenye simu.

Bibi Mstaafu
Nilisema mimi. 65,000!

Zee la Fitna
Wakuu mnakunywa chai na mnaongeza sukari. ID ya wiki hii, uzi wa kwanza, na dereva wa boza anaijua Tume ya Ushindani kwa jina? Hili ni swali la mtihani wa sheria. Mamlaka wana makosa, umoja nao una makosa, wanafunzi jadilini. Wakili kafanyishwa asaimenti bure.

Mwanachuo Asiyelala
Dah. Kweli limepangika sana.

Zee la Fitna
Kama una boza kweli, lita 10,000 zinajaa kwa muda gani?

Boza la Mkoani
Inategemea presha. Ukiwahi saa kumi alfajiri kabla hawajafungulia mitaani, dakika ishirini na kitu. Saa nne asubuhi hata saa nzima, na inabidi utingo akae juu kwenye mfuniko, kwa sababu mpira wa pale una kiraka cha mpira wa baiskeli na presha ikirudi ghafla unachomoka unapiga kama nyoka. Utingo wangu ana kovu la nyusi. Na mimi si dereva, ni mwalimu, boza nilinunua kwa mkopo. FCC niliisikia redioni wakiteketeza bidhaa bandia.

Ngosha Mtulivu
Huo mpira naujua. Uko wilaya ipi?

Zee la Fitna
Mwalimu mwenye mkopo, hapo kidogo naanza kuamini.

Wakili Mchovu
Chai au si chai, jibu ni lilelile. Jitoe kwenye hayo maelewano, kwa maandishi, kwenye grupu hilohilo. Kila mtu apange bei yake. Kulalamika pamoja EWURA kuhusu bei ya kujaza ruksa, kupangiana bei ya kuuza hapana. Na tunza risiti za kontroli namba, za zamani na za sasa.

Boza la Mkoani
Nimekuelewa mkuu. Sasa kuna stika za "BEI YA UMOJA 65,000" zimeshachapwa na mimi ndiye mweka hazina, hela ya uchapaji nilitanguliza kwenye mfuko wangu. Nikijitoa, kisheria ninawadai?

Bibi Mstaafu
Niwekee namba inboksi, nina simtanki. Lakini ni 45,000.