Mipangilio ya jumla ya seva: Nginx, Apache au Caddy?

Mwana_Kisauni: Salaam wakubwa. Nna VPS ndogo (seva ya kukodi mtandaoni) ya RAM giga 1, tovuti sita za wateja, mbili za hoteli huko Diani. Sasa programu ya seva natumia Apache, nimechoka kurudia mipangilio ileile kila tovuti, nataka niiandike juu mara moja ishuke kwa zote. Nihamie wapi?

Fundi_Bamburi: Nginx yakhe. Vya wote waviweka ndani ya bloku ya http na vyateremka kila bloku ya server, yaani kila tovuti. Anza na client_max_body_size, kikomo cha ukubwa wa kinachopakiwa, kikawaida ni megabaiti 1 tu, watu wa hoteli wakipakia picha ya simu wapata kosa la 413 (faili kubwa mno) halafu wakupigia wewe. Mimi naweka 20m. Kisha server_tokens off, yaficha toleo la Nginx. Na nginx -t, ya kukagua mipangilio, kabla ya reload, kila mara.

BintiLikoni: Sawa ila chunga add_header, amri ya kuongeza heda (maelezo seva inayotuma pamoja na ukurasa), ilinitesa hiyo. Ukiweka heda za usalama juu, halafu tovuti moja ukaiwekea add_header yake hata moja, zile za juu zote zapotea hapo, na nginx -t yakwambia kila kitu kiko sawa. Nilikuja kuona kwa curl -I, amri ya kuonyesha heda, wiki kadhaa baadaye. Sasa nimeziweka faili moja, nai-include popote.

Baba_Zuwena: Kaka, peke yako na tovuti sita, chukua Caddy. Cheti cha HTTPS yachukua na kuhuisha yenyewe. Lakini ile bloku ya juu kabisa ya Caddyfile (faili ya mipangilio yake), ya mabano yasokuwa na jina mbele, usidhani ni kama http ya Nginx! Hiyo ni ya seva yenyewe: email ya cheti, debug, admin, poti. Ukitia heda humo haianzi. Heda za wote zitengenezee snipeti, yaani kipande cha mipangilio cha kutumia tena, kisha import kila tovuti. Na ukiwa wajaribu, acme_ca (anwani ya mtoa vyeti) ielekeze kwenye anwani ya majaribio ya Let's Encrypt, hao watoa vyeti, maanake ukifeli mara nyingi wakuzuia kwa muda.

Mwana_Kisauni: Hizo za hoteli ni WordPress, zina .htaccess ndefu, zile faili za sheria za Apache ndani ya folda ya tovuti.

Fundi_Bamburi: Aa, hapo Nginx haisomi .htaccess, Caddy pia haisomi, itabidi uzitafsiri sheria moja moja. Hizo mbili ziache Apache, ushushe MaxRequestWorkers (idadi ya maombi yanayohudumiwa kwa pamoja) RAM isijae.

Mwana_Kisauni: Basi nne nazihamishia Caddy kwa VPS nyingine. Baba_Zuwena, niwekee hapa hiyo snipeti yako ya heda tafadhali.