Kuondoa rangi kongwe na kutu kwenye tela la chuma: nianzie wapi?

Mkaazi wa Wete

Assalaamu alaykum ndugu zangu. Ninalo tela la zamani ambalo marehemu baba alikuwa akilitumia kubebea magunia ya karafuu, nami nimekusudia kulifufua badala ya kuwauzia wanunuzi wa vyuma chakavu. Fremu yake ni ya chuma, na mbavu zake ni za bati la alumini. Rangi imepakwa tabaka juu ya tabaka: juu buluu, chini yake kijani, na chini kabisa rangi ya machungwa iliyoshikana na chuma chenyewe. Kutu imekula zaidi kwenye maungio yaliyochomelewa na chini ya bawaba za mlango wa nyuma, ambapo ukigusa kwa kisu yanatoka magamba. Jirani amenishauri niichome rangi yote kwa moto wa gesi, nipige brashi ya waya, kisha nipake rangi mpya. Je, njia hiyo inafaa kwetu sisi tunaoishi na upepo wa bahari?

Fundi bodi, Chake Chake

Waalaykumu ssalaam. Nakuomba sana usiichome. Rangi za msingi (zinazopakwa kwanza juu ya chuma) za machungwa za zamani mara nyingi zilitiwa madini ya risasi, na ukizichoma au kuzisugua kavu, moshi na vumbi lake huingia mwilini. Kwa watoto madhara ni makubwa zaidi, kwani risasi hudhuru ubongo unaokua. Ichukulie kuwa ina risasi, maana kwa macho huwezi kupambanua. Paka dawa ya kubandulia rangi kwa unene, ifunike kwa nailoni isikauke kwa jua, kisha ikwangue. Mabaki yaondoe kwa msasa wa maji, ukilowesha muda wote. Fanya kazi nje penye hewa ya kutosha, vaa glavu, barakoa na miwani, tandika turubai na uyakusanye makombo yote, yasiliwe na kuku wala kuchezewa na watoto.

Baada ya hapo ligonge tela zima kwa nyundo ndogo. Chuma kizima hulia. Kilicholiwa hutoa sauti butu. Palipoliwa pakatwe na pachomelewe kipande kipya kabla hujanunua hata kopo moja la rangi.

Mwalimu wa kemia, Unguja

Namuunga mkono fundi, ila kuna jambo ambalo kwa visiwa vyetu ni zito kuliko yote, nalo ni chumvi. Brashi ya waya huondoa kutu ya juu na kukiacha chuma kinang'aa, lakini ndani ya vile vishimo vidogo vyeusi hubaki chumvi, ambayo huvuta unyevu wa hewa na kuanzisha kutu upya chini ya rangi mpya. Kwa hivyo, ukimaliza kukwangua, lisugue tela kwa brashi na maji matamu mengi. Visima vingi vya karibu na pwani vina maji ya chumvichumvi. Ukiweza, tumia maji ya mvua. Kisha likaushe na uliache usiku mmoja. Asubuhi ukiona vidoa vya kahawia vimechomoza kwenye vishimo, chumvi bado imo, na kazi ya kuosha irudiwe.

Kutu iliyobakia ipake dawa yenye asidi ya fosforiki, ambayo huigeuza kuwa fosfati ya chuma, na ufuate maelezo ya kopo kuhusu kusuuza. Bawaba na boliti unaweza kuziloweka katika siki hadi kutu ilegee, kisha zisuuze na zikaushwe mara moja.

Alumini ina masharti yake. Usiitie magadi ya kostiki, kwa sababu huila, wala usiipige brashi ya waya wa chuma, kwa sababu chembe za chuma hujipachika juu yake na kushika kutu. Alumini inapogusana na chuma kwenye maji ya chumvi, huliwa haraka. Zitenganishe kwa mpira na upake rangi pande zote mbili za kiungo.

Mkaazi wa Wete

Ahsanteni sana, mmenifungua macho. Kuna kijana mwenye kompresa aliyeniambia kuwa anaweza kupuliza mchanga wa pwani ukasafisha kila kitu. Nimkubalie? Na kazi hii niifanye msimu gani?

Fundi bodi, Chake Chake

Usimkubalie. Mchanga wa pwani utakirejeshea chuma chumvi ile ile unayohangaika kuiosha, na bati la alumini litapindika kwa nguvu ya upepo.

Ama msimu, subiri Januari au Februari, wakati wa kaskazi, mvua zikiwa chache. Siku ya kupaka usianze alfajiri. Ngoja umande ukauke kabisa. Chuma kitupu kikilala wazi usiku mmoja tu kwetu huku, kutu imeshaanza. Kwa hivyo rangi ya msingi yenye fosfati ya zinki iingie siku hiyo hiyo, tabaka mbili, na kwenye maungio tumia brashi ya mkono uisukume ndani ya kila ufa, maana bunduki ya rangi huruka juu ya nyufa hizo. Tazama pia chini ya fremu: kama matundu ya kutolea maji yamezibwa na rangi za zamani, yazibue kabla ya kupaka.