Naomba ushauri: jumla inarudi sifuri baada ya lupu (Bash)

Habari zenu wakuu. Najifunza skripti za Bash (mafaili ya amri za kompyuta) kwenye Ubuntu, aina ya Linux, naomba mnisaidie hapa nilipokwama.

Nina faili mauzo.txt, kila mstari una bei kwanza halafu bidhaa, mfano "2400 unga wa sembe". Ndani ya fankisheni yangu (kipande cha skripti chenye jina) nimeandika lupu hii, yaani amri zinazorudiwa kwa kila mstari:

jumla=0
cat mauzo.txt | while read bei bidhaa; do
  jumla=$((jumla + bei))
done
echo $jumla

Nikiweka echo (amri ya kuonyesha thamani) ndani ya lupu, naona namba zinapanda vizuri hadi 4300. Ile echo ya chini ya done inatoa 0! Hakuna ujumbe wowote wa kosa, na hilo ndilo linalonichosha zaidi. Nimejaribu lupu ya for, ikakata mistari kila penye nafasi, "unga" huku na "sembe" kule. Nimejaribu pia return 4300 ili fankisheni irudishe namba hiyo, lakini echo $? (inayoonyesha kilichorudishwa) ikanipa 204. Sijui imetoka wapi.

Maswali yangu:
Kwa nini kigeu jumla (jina linaloshika namba) kinapoteza thamani lupu ikiisha?
Na fankisheni irudishe vipi namba kubwa kama 4300 ili niitumie kwingine kwenye skripti?

Natanguliza shukrani.