Kanisa linafundisha watoto bure jioni, ila wanaanza na pambio

Mama Nasri: Habari zenu wadau. Kanisa moja huku kwetu Mbagala limeanzisha masomo ya jioni, hesabu na Kiingereza, saa kumi mpaka kumi na mbili. Bure, wanaofundisha wanajitolea. Wangu yuko darasa la sita, shuleni wanabanana dawati moja wanne, nikampeleka. Juzi karudi anaimba pambio. Kumuuliza, anasema kabla ya kipindi wanasali na kuimba kidogo. Sisi Waislamu. Baba yake kasema asikanyage tena. Mimi naona hesabu zimepanda. Mngekuwa nyie?

Kobe wa Tandika: Dada, mjini hakuna cha bure. Leo pambio, kesho maji mengi. Na hao wanaofundisha si ndio vijana waliokosa ajira, wanaua muda tu? Mwalimu mzuri hafundishi bure.

Chaki Mkononi: Kobe, mmoja wa hao wanaoua muda ni mimi, ingawa sifundishi Mbagala. Shahada ya ualimu ninayo, hisabati na fizikia. Wiki iliyopita mtoto wa darasa la sita kaniambia 0.25 ni kubwa kuliko 0.5 kwa sababu 25 inaizidi 5. Ubaoni haikumwingia. Nikachora mstari sakafuni, tukaugawa sehemu kumi, kisha kila sehemu tena kumi, nikamwambia asimame kwenye 0.5 halafu anitafutie 0.25. Akarudi nyuma mwenyewe, anacheka. Wewe umeua muda wapi?

Kobe wa Tandika: Sijakutaja jina mkuu. Kama unajijua ni mzuri, povu la nini?

Shangazi Mkali: Povu lake halali. Mtu kasoma ualimu miaka mitatu, kafaulu, kaenda mazoezi ya kufundisha, leo anaitwa kwenye usaili wa ajira aulizwe kama anajua kufundisha. Chuo kilikuwa kinamfundisha kupika?

Dereva Mstaafu: Usaili una ubaya gani? Hata leseni unafanyiwa majaribio.

Shangazi Mkali: Baba, wewe leseni ulifuata Dodoma kwa nauli ya kukopa?

Mzazi Mwenzio: Samahani, niwarudishe kidogo. Hao vijana nani anawajua? Serikali ya mtaa ina majina yao? Saa kumi na mbili jioni watoto wa kike wanarudi na nani?

Chaki Mkononi: Na huo usaili wenyewe, tunaitwa umati kwa nafasi za kuhesabu. Dereva hajui anachosema.

Ustaadh Kijana: Mimi nimuulize Kobe. Madrasa zetu zipo kila mtaa, jioni zimejaa watoto. Tumeshindwa nini kuweka saa moja ya hesabu? Tunalalamikia pambio huku ubao wetu una alifu na bee peke yake.

Kobe wa Tandika: Ustaadh, usitudhalilishe. Hao wenzetu walianza na mkoloni, shule walikuwa nazo. Nyerere alizitaifisha 1967, baadaye wakarudishiwa kijanja na ule mkataba wa 1992.

Dereva Mstaafu: 1967 ni Azimio la Arusha, zikachukuliwa benki. Shule ni Sheria ya Elimu ya 1969. Na huo wa 1992 ni makubaliano ya serikali na CCT (Jumuiya ya Kikristo) na TEC (Baraza la Maaskofu Katoliki), mambo ya shule na hospitali za makanisa. Pambio la Mbagala halimo.

Kobe wa Tandika: 1967, 1969, yale yale.

Dereva Mstaafu: Kwako hata 0.25 na 0.5 yale yale.

Shangazi Mkali: 😂😂 Kobe, rudi ndani ya gamba.

Mama Nasri: Jamani, mimi nimeuliza habari ya Nasri.

Ustaadh Kijana: Dada yangu, nenda kamwone mchungaji kwa adabu. Mwombe sala iwe mwisho, watoto wa Kiislamu watoke kabla, na maghrib wataiwahi nyumbani. Katiba ibara ya 19 inasema dini ni hiari ya mtu. Akikataa, utajua alikuwa anataka wanafunzi au waumini.

Dereva Mstaafu: Si akae tu barazani dakika tano wenzake wakimaliza kuimba?

Mama Nasri: Mtoto wa miaka kumi na moja akae nje peke yake, wenzake wakimchungulia dirishani? Hapo hata mimi nakataa. Nitamjaribu mchungaji kesho, baba yake nitajua cha kumwambia.

Kobe wa Tandika: Nimesema hakuna cha bure. Nipo palepale.

Mzazi Mwenzio: Swali langu la watoto wa kike hamjalijibu.

Chaki Mkononi: Shangazi, majina ya usaili wa hisabati Lindi yameshatoka? Kuna mtu kaniambia tangu jana.

Shangazi Mkali: Ninayoyaona hapa ni ya Mtwara, ya biashara. Ngoja nicheki.