Mrejesho: ile kobla ya mapichi imekubali jamani

Wapendwa nimerudi. Mnakumbuka nililia hapa kwamba kobla yangu (ile ya kuoka matunda yenye sukari yakiwa na donge la unga juu) juu imebabuka vizuri, ukichota chini unga mbichi kama uji, na matunda yanaelea kwenye maji? Basi jana nimerudia.

Yule dada aliyesema nitangulize matunda peke yake ubarikiwe, maana tatizo lilikuwa hapo hapo. Nilimenya mapichi 7, sukari nusu kikombe, konflawa vijiko 2, ndimu kidogo, nikayaingiza kwenye oveni digrii 400 (Fahrenhaiti, si unajua tena huku Marekani) mpaka yakaanza kutokota pembeni, dakika kama 15 hivi, ndo nikadondoshea donge juu yakiwa ya moto vilevile. Donge likaanza kuiva kutokea chini! Na safari hii sikulitandaza lote kama mfuniko, niliacha nafasi mvuke utoke.

Siagi niliigandisha nikaikwaruza kwa ile ya kukunia karoti, unga vikombe 2, beking poda kijiko kikubwa, mtindi, nikakoroga kwa uma, sikukanda kabisa. Mwanzo nilikanda kama chapati, mazoea bana, ikawa ngumu.

Kosa moja tu, mume wangu hakusubiri ipoe. Kachota ikiwa moto, kaunguza ulimi, halafu anasema mchuzi mwepesi. Baada ya nusu saa ukawa mzito kabisa, ila yeye alikuwa ameshamaliza robo ya sinia.

Wiki ijayo najaribu na maembe.