Geti nimelichonga mie, ufunguo sipewi. Nina miaka 34!

Assalaam alaykum wanajamvi. Leo sina salamu ndefu. Naandika na hasira zangu, na mwenye kutaka kuniambia subira yavuta heri apite uzi wa pili. Subira nimeivuta mpaka mkono umeniuma.

Kwa mlio bara na hamyajui mageti yetu ya huku Fuoni, Unguja: ni geti la chuma lenye kitundu cha kupitisha mkono, na kufuli linaning'inia kwa ndani. Mwenye ufunguo anapitisha mkono, anafungua, anaingia, anafunga. Asiye nao anagonga. Mie ndiye ninayegonga. Nimeolewa, nimeachika, nina mtoto wa miaka tisa aliyelala ndani ya nyumba hiyo hiyo ninayoigongea, na bado nasimama nje na sare ya hoteli mpaka mzee aridhike kuamka.

Kazi yangu ni mapokezi, Nungwi. Zamu ya mchana inaisha saa nne za usiku. Nungwi mpaka mjini ni kama kilomita 60, na gari la wafanyakazi linashusha mmoja Kinyasini, mwengine Mahonda, mwengine Bububu, mpaka niteremke Amani inakaribia saa sita, na hapo bado bodaboda ya Fuoni. Baba naye ana sheria yake: geti linafungwa saa nne. Aliiweka wakati kaka yangu mkubwa anasoma skuli na anarudi kutoka mpirani ananuka sigara. Kaka yangu huyo sasa ana watoto wanne na anaishi Muscat. Sheria imebaki na mie.

Nikigonga, kwanza anaamka mbwa wa jirani. Halafu jirani mwenyewe. Halafu ndio nasikia kandambili za baba zinakuja taratibu, na najua kabisa alikuwa macho tangu nilipoteremka kwenye bodaboda, kwa sababu taa ya ukumbini haizimwi. Anafungua, ananitazama miguu mpaka kichwa, anasema, "Nyumba hii ina wenyewe." Naitikia "naam baba," namuamkia shikamoo, napita. Mtaa mzima unajua saa ninazorudi. Jirani wa mkono wa kushoto sasa hanisalimii tena, ananiuliza, "Jana ulichelewa eeh?" Bi mkubwa wewe, sikuchelewa, nilikuwa nje nagonga!

Sasa sikilizeni asubuhi yake. Sijanawa uso, mama yuko mlangoni kwa sauti ya asali: "Mwanangu, tukuza imebaki yuniti mbili." (Tukuza ni umeme wetu wa kulipia kabla.) Hapo ghafla mie mtu mzima. Saa sita za usiku ni mtoto wa kuchungwa, saa kumi na mbili za asubuhi ni kichwa cha nyumba. Umeme ni mie, gesi ni mie, gunia la mchele ni mie, dawa za presha za mama ni mie, tangi la maji na pampu yake ni mie. Ikija harusi ya ukoo, mchango wa nyumba yetu ni mie, ila jina linalosomwa ni la baba, na hilo sina neno nalo, ndivyo inavyotakiwa. Ikikaribia Ramadhani naulizwa tende na unga wa ngano mwezi mzima kabla. Sijawahi kuambiwa "wewe mtoto, haya hayakuhusu."

Na geti lenyewe! Ukuta ulipomalizika fedha zilikata. Nani alikwenda kwa fundi Mwanakwerekwe? Nani alilipa chuma, rangi, na maua ya juu ambayo baba aliyachagua mwenyewe, ya ghali kupita yote? Kufuli pia nimelinunua mie, likaja na funguo tatu. Moja kachukua baba. Moja kachukua mama, ambaye baada ya magharibi hatoki. Ya tatu kapewa mdogo wangu wa kiume, ana miaka 23, hana kazi, anarudi saa anayotaka kutoka kwenye PlayStation. Nikauliza. Nikajibiwa, "Yeye mwanamume." Hilo la uanamume na uanamke nitalifungulia uzi wake siku nyengine, leo tusitoke njiani, ingawa mdomo unaniwasha.

Kitu kinachonichoma zaidi ni hichi. Baba hajui kutumia pesa za simu, wala hataki kujua. Kiinua mgongo kilichobaki, kodi ya kile kibanda cha duka cha mbele, hela anazotuma kaka kutoka Oman, zote zinapita kwenye simu yake na mie ndiye ninayemtolea. Namba yake ya siri ninayo kichwani. Nikitaka kumfilisi, asubuhi moja tu inatosha. Naaminiwa fedha zake zote, siaminiwi kufuli!

Ukisema neno, unapigwa na ile hadithi. Kila nyumba ya Zanzibar ina hadithi hii: "Sisi kwa umri wako tulishajenga." Baba anaisema huku ameegemea ukuta wa nyumba hiyo hiyo. Hebu tuizungumze basi, maana leo nimeamua.

Kiwanja alikipata wapi? Baada ya Mapinduzi ya 1964 serikali ilitaifisha ardhi, ikawagawia watu eka tatu tatu. Babu, Mungu amrehemu, akapata za kwake huku huku Fuoni, wakati huo mikarafuu na minazi, hakuna daladala wala nini. Babu alilima mpaka anakufa. Ardhi ile ilitolewa ilimwe, haikutolewa iuzwe. Baba na ndugu zake wakafanyaje? Kila mmoja akajikatia kipande cha kujenga, bure, halafu kilichobaki wakakikata viwanja, wakauza kimoja kimoja kwa makaratasi ya sheha (kiongozi wa mtaa) na mashahidi wawili. Kimoja kilisomesha, kimoja kiliozesha, kimoja kilikwenda Hija, na vyengine mpaka leo hakuna anayetaka kunieleza vilikwenda wapi. Mie nilikuwa skuli ya msingi. Nakumbuka wanunuzi wanakuja na utepe wa kupimia, tukawapelekea maji ya kunywa. Kwa hiyo naam baba, kwa umri wangu ulishajenga. Ulijenga juu ya eka tatu za baba yako, na zangu ukaziuza.

Na si kiwanja tu. Yeye alimaliza skuli, akapita kambini, akatoka akaajiriwa serikalini, akakaa humo humo mpaka akastaafu. Bibi mzaa mama yeye kapewa flati Michenzani baada ya nyumba yake ya Ng'ambo kuvunjwa kupisha ujenzi. Kapewa! Mie nina diploma, na mkataba wangu wa kazi unafuata msimu. Masika ikiingia, Aprili na Mei, hoteli inabaki na kunguru, na sie tunapangiwa "likizo" isiyo na malipo. Sensa ya 2002 ilihesabu watu 981,754 Zanzibar nzima, ya 2022 ikahesabu 1,889,773. Watu karibu mara mbili ndani ya miaka 20, na visiwa ni vile vile. Kiwanja cha Fuoni leo muulize dalali, usiniulize mie, nitalia.

Najua wapo mnaoandika sasa hivi: "Si uhame?" Nilijaribu. Nilipata chumba na ukumbi Mombasa (yetu ya Unguja, si ya Kenya). Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita mbele. Sawa, ninayo. Swali la pili la dalali: "Mume yuko wapi?" Sina. Tangu hapo simu haipokelewi. Na nyumbani mama aliposikia alilia siku mbili. Mwanamke mwenye wazee wake hai akapange chumba peke yake, watu watasema tumemfukuza! Akarekodi ujumbe wa sauti wa dakika saba akautia kwenye kundi la ukoo. Dakika saba. Mpaka binamu zangu wa Wete, Pemba, ambao hatujaonana tangu harusi yangu, wakanipigia kuniuliza nimepatwa na nini.

Na wala si kwamba nataka kuondoka. Nipende nisipende, mtoto wangu anarudi skuli anakuta chakula chini ya kawa, anakwenda chuoni (madrasa) kwa wakati, kasimamiwa na bibi yake. Hilo hakuna fedha inayolinunua, na ndio maana nalipa bila kuhesabu. Mie kuishi na wazee wangu sina neno. Neno langu ni kugonga.

Halafu kuna hili la "kazi za mahoteli." Baba hulitaja kwa mkunjo wa pua. Siku moja kamwambia rafiki yake barazani, na mie nasikia, kwamba siku hizi watoto wa kike wanalala na kuamka na wazungu. Barazani pale pale kahawa waliyokuwa wanakunywa imenunuliwa kwa mshahara wa hoteli, na feni iliyokuwa inawapepea pia. Nusu ya nyumba za mtaa huu zinaendeshwa na watalii kwa njia moja au nyengine: huyu dereva, yule mpishi, yule anauza viungo kwenye mashamba ya Kizimbani. Lakini mie ndiye mwenye kutiliwa shaka, kwa sababu narudi usiku.

Na wao usiku hawakuujua? Mama akiwa na raha zake hutuhadithia walivyokuwa wakitoka na mabuibui yao kwenda Cine Afrique na Majestic kuangalia picha za Kihindi, wanarudi Ng'ambo kwa miguu wanaimba nyimbo zote njiani. Baba ndiko alikomuona, yeye mwenyewe kasema. Nikamuuliza mama, saa ngapi picha ilikuwa inaisha? Akaniambia nikaangalie wali usiungue.

Anayenielewa ndani ya nyumba ile ni mtu mmoja tu, bibi mzaa baba, mjane wa mwenye eka tatu. Yeye hata pensheni jamii aliipokea tangu ilipoanza 2016, wakati huo elfu ishirini kwa mwezi, na humpa mwanangu peremende kwa fedha hiyo. Juzi alimwambia baba mbele yetu sote, "Mpe mtoto ufunguo wake, usinikatishe usingizi." Baba, mwenye miaka 67, akainamisha kichwa, akasema "nimekusikia mama." Umri wake wote ule, akisemeshwa na mamake anakuwa kijana. Ufunguo hakutoa.

NYONGEZA, baada ya kusoma majibu:

Aliyeandika "olewa tena tatizo liishe": kwa mume nilikuwa na ufunguo wa kila mlango, hata wa kabati lake. Sikuachika kwa sababu ya ufunguo. Tuishie hapo.

Aliyesema nimuibie mdogo wangu, nikachonge mwengine Darajani: nimeshaufikiria huo, kwa nini nidanganye. Lakini nikiingia kwa ufunguo wa kuiba, nitakuwa nimewathibitishia kila wanachonidhania. Nataka anipe mwenyewe, mkononi, mchana, mama yupo.

Mliosema nimekuwa mzungu: mzungu angekuwa ameshahama zamani.

Nilichoamua ni hichi. Ijumaa baada ya sala anakuja ami, mkubwa wa baba, nimempigia mwenyewe. Nitakaa chini, nitasema kwa adabu, na nitataja kila kitu, pamoja na viwanja. Na mpaka siku hiyo umeme sinunui. Asubuhi mama kaniambia yuniti zimebaki nne, nikamwambia mdogo wangu ana ufunguo, bila shaka na hela anazo.

Wenye uzoefu wa kuzungumza na wazee mbele ya ami, nipeni maneno ya kuanzia, maana nikianza na viwanja najua pataharibika. Wenye kutaka kunitukana, andikeni tu, zamu yangu inaanza saa nane, nitawasoma garini.