Tamthilia ya familia kuwa filamu: kurekodi jukwaani, kubaki sebuleni au kutoka nje?

Mwanzisha mada, Jinja

Ndugu wanachama, kikundi chetu kina tamthilia ya familia ambayo tumeicheza jukwaani mara kadhaa, na sasa tumepata nafasi ya kuifanya filamu. Hadithi yote hutokea sebuleni mwa nyumba moja ya Mukono, siku ya okwabya olumbe, ambapo matanga ya baba yanahitimishwa na mrithi wake anasimikwa. Watoto wanne wanagombania kibanja, yaani kipande cha ardhi, ambacho marehemu alimwahidi kila mmoja wao kwa siri, na mama yao, anayeujua ukweli wote, amenyamaza. Sherehe yenyewe iko uani na hadhira haiioni kamwe. Inasikia ngoma tu kupitia dirishani, na ngoma hizo zinapolia ndipo mama anapomweleza kitinda mimba wake yale aliyoyaficha.

Ninapima njia tatu. Tunaweza kuweka kamera ukumbini na kurekodi onyesho kama lilivyo. Tunaweza kuingia katika nyumba halisi na kubaki humo. Au tunaweza kuandika mswada mpya unaokionyesha kibanja, soko, teksi inayomleta kaka mkubwa kutoka Kampala, na sherehe yenyewe. Njia ya kwanza ni nafuu kuliko zote. Ya tatu inanivutia sana, na ndiyo ninayoihofia.

Mwongozaji, Kampala

Njia ya kwanza ningeiweka kando mapema, ingawa siidharau. Laiti kazi nyingi zilizochezwa National Theatre hapa Kampala tangu ilipofunguliwa mwaka 1959 zingerekodiwa, tungekuwa na hazina kubwa. Lakini hiyo ni kumbukumbu ya onyesho, si filamu. Mwigizaji wa jukwaani humwigizia mtu aliyekaa safu ya mwisho: hupaza sauti, hupanua mikono, na huielekezea hadhira uso hata anapozungumza na mkewe. Kamera ikimkaribia kwa hatua mbili, juhudi ile ile iliyowaliza watu ukumbini huonekana kuwa uongo.

Ugumu uko kati ya njia ya pili na ya tatu. Lorraine Hansberry, mwandishi wa tamthilia wa Marekani, aliandika mwenyewe mswada wa filamu ya A Raisin in the Sun, iliyotoka mwaka 1961, miaka miwili tu baada ya tamthilia yake ya jina hilo hilo kufika Broadway, kwenye majumba makubwa ya maonyesho ya New York. Aliongeza matukio mengi ya nje, na sehemu kubwa ya matukio hayo iliachwa, kiasi kwamba filamu iliyotoka imebaki zaidi ndani ya nyumba ndogo ya familia moja huko Chicago. Mswada wake kamili ulichapishwa mwaka 1992, na ninamshauri kila mwenye kazi kama yako ausome, kwa sababu unaonyesha tofauti kati ya kutoka nje kwa sababu na kutoka nje kwa kuchoka kuta. Mama wa familia anakwenda kununua matofaa, anakuta ni mabovu na bei yake ni kubwa. Mtazamaji anaelewa hapo hapo kwa nini mama huyo anataka kuhama mtaa. Tukio hilo halimpumzishi mtazamaji na shida za sebuleni, bali linazifuata hadi dukani.

Sasa jiulize: teksi ya kaka mkubwa inatuambia nini ambacho hatutakijua atakapoingia mlangoni na mfuko wake?

Mwalimu wa fasihi, Fort Portal

Nitaongeza mfano wa kwetu. John Ruganda, aliyezaliwa huku Fort Portal, alichapisha The Burdens mwaka 1972, tamthilia yenye wahusika wanne wa familia moja: Wamala, aliyekuwa waziri kisha akafungwa, mkewe Tinka, na watoto wao Kaija na Nyakake. Mtu mwenye mali ambaye Wamala anamtegemea, Kanagonago, hatokei jukwaani. Tunamjua kwa maneno, na kwa mchezo ambao mume na mke wanaucheza wenyewe kwa wenyewe nyumbani kuigiza jinsi Wamala atakavyokutana naye. Nimewahi kuwasikia wanafunzi wakisema kwamba filamu ingemwonyesha Kanagonago ofisini mwake, kwenye kiti cha ngozi. Nadhani siku atakapoonekana, mchezo ule wa mume na mke utakosa uchungu wake, kwa sababu uchungu wenyewe ni kwamba wana ndoto tu ya kukaribishwa.

Ngoma zako ni Kanagonago wako, ndugu yangu.

Kuna jambo la pili ambalo si la sanaa. Umesema tamthilia ni ya kikundi. Kama mazungumzo yalizaliwa kwenye mazoezi, kila mwigizaji akichangia maneno yake, andikeni makubaliano kabla ya kamera kuwashwa. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2006 inautambua uandishi wa pamoja, na haki ya kuigeuza kazi kuwa ya namna nyingine ni ya mwandishi. Itakuwa kichekesho kichungu ikiwa hadithi ya watoto wanaogombania kibanja itazaa waigizaji wanaogombania mswada.

Mtayarishaji, Gulu

Kwa heshima ninapingana na waliotangulia. Mtazamaji wa kibanda cha video amezoea filamu zinazokwenda, tena zenye vijey anayezisimulia kwa Kiganda na kuzitia chumvi. Ukimfungia dakika tisini katika sebule moja, atatoka nje kununua chapati na hatarudi. Hata filamu ya Fences ya mwaka 2016, iliyotokana na tamthilia ya August Wilson ambayo jukwaani hutokea uani kwa nyumba, inafunguka kwa wanaume wawili walio kwenye gari la kuzolea taka, na mara moja tunajua jasho lao na mji wao.

Suala la lugha nalo linahusika. Huku kwetu Acholi, filamu ya Kiganda itahitaji manukuu, yaani tafsiri iliyoandikwa chini ya picha, na kadiri maneno yanavyokuwa mengi ndivyo mtu anavyosoma badala ya kutazama. Kutoka nje kungekuwezesha kuonyesha yale ambayo sasa yanasemwa. Punguza maneno, onyesha kibanja.

Mwongozaji, Kampala

Hoja ya manukuu ninaikubali kabisa, na sikuwa nimeifikiria. Lakini tazama tena mwanzo huo wa Fences: wanaume wale wamepelekwa kwenye gari, na mazungumzo bado ni yale ya August Wilson, kisha filamu inarudi nyumbani na kukaa huko karibu muda wote. Denzel Washington na Viola Davis, waigizaji wakuu wa filamu hiyo, walikuwa wamecheza nafasi hizo hizo Broadway mwaka 2010, na hilo ndilo ningelichukua kwao kuliko gari: waigizaji waliokwisha kumeza maneno, wakijifunza tu kuyasema kwa sauti ya chini.

Kwa hiyo, ndugu wa Jinja, usiwabadilishe waigizaji wako. Wape wiki mbili za mazoezi ndani ya nyumba utakayotumia, na upige picha kwa mfuatano wa hadithi. Kwa filamu yenye maeneo mengi huo ni ufujaji wa fedha. Kwa nyumba moja hauongezi gharama kubwa, na mama hatalazimika kulia siku ya kwanza kwa sababu ambayo ataigiza siku ya tisa.

Fundi wa sauti, Mbale

Mnazungumza kana kwamba nyumba halisi ni kimya. Mabati wakati wa mvua hayana huruma, na hata jua likichomoza hutoa milio kama ya kupasuka kila yanapotanuka. Bodaboda hupita, jogoo wa jirani hakosi neno, na jenereta ukiiweka karibu utaisikia katika kila sentensi ya mama. Kuhusu ngoma, zisipigwe wakati wa kurekodi mazungumzo. Zirekodiwe peke yake, ziwekwe wakati wa kuhariri. Vinginevyo hutaweza kukata sentensi moja bila kuikata ngoma katikati ya pigo.

Mwanzisha mada, Jinja

Nimewasoma wote mara mbili. Teksi nimeifuta, na soko pia. Mtayarishaji wa Gulu amenifanya nikate karibu theluthi ya maneno ya tendo la kwanza, kwa kuwa kaka wawili wanaelezana mambo ambayo ndugu hawaelezani. Wanayajua tangu utotoni.

Nimebakiza tukio moja la nje, nalo si la ngoma. Mrithi, akiwa amevikwa lubugo, yaani nguo ya gome la mti, na kushika mkuki, anatazama kutoka uani kuelekea nyumbani, na tunaona kile anachokiona: dirisha la sebule, na mkono wa mama unaolifunga. Halafu tunarudi ndani, ngoma zikisikika kwa mbali kupitia kioo. Jukwaani sikuweza kulifanya hilo, kwa sababu hadhira ilikuwa ndani pamoja na mama na haikuwa na namna ya kujua mwana anaona nini.

Makubaliano ya waigizaji tutayatia saini Jumamosi. Kilichobaki ni nyumba, na baada ya maneno ya fundi wa Mbale, ninayoitafuta Mukono ni yenye paa la vigae.